Mwezi wa Nane au Miezi Minane? Kisa cha uchungu wa mapema

Aliingia Jumamosi saa tatu asubuhi, mkono mmoja ameshikwa na mama mkwe, wa pili amejikamata kiunoni. Walitoka Mtongwe kwa tuktuk mpaka Likoni, wakavuka kwa feri, na ng'ambo ya pili wakapanda tuktuk nyingine mpaka kwetu hospitalini. Njiani alikuwa akisimama kila uchungu unapomjia, na mkwe alikuwa akihesabu. Umri wake miaka 24, mimba ya pili. Mtoto wa kwanza naye alitangulia: alizaliwa wiki sita kabla ya siku zake, akaishi, na sasa anakwenda chekechea.

Mimi ndiye mkunga niliyekuwa zamu. Mambo machache ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Ya tiba nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Nilipouliza mimba ina muda gani, mkwe ndiye aliyejibu. "Ameingia mwezi wa nane, sista. Na wa nane wajua mwenyewe."

Nilijua alichokusudia. Wazee wetu husema mtoto wa miezi saba huishi, wa minane haishi. Sijui wadi gani iliyowahi kulionyesha hilo, kwa kuwa kila wiki anayoongeza mtoto tumboni humzidishia nafasi ya kuishi, wala hakuna shimo katikati. Lakini maneno ya mkwe yalikuwa na kitu kingine ambacho nilikipita bila kukiona. Nilifungua kitabu cha kliniki, nikakuta Alhamisi mtu ameandika: wiki 34.

Kwa wiki 34 tungemwacha ajifungue. Mtoto wa umri huo mara nyingi hupumua mwenyewe, na faida ya kumzuia tumboni kwa dawa ni ndogo mno. Daktari alikuwa ameshakubali hivyo, kalamu iko mkononi. Ndipo yule mama akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi, "Sista, kuna hii, sijui kama ni kitu."

Alitoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne, imewekwa pamoja na kitambulisho. Ilikuwa skani yake ya kwanza. Aliihifadhi kwa sababu ya picha ya mtoto, kwake haikuwa cheti cha hospitali. Picha yenyewe ilikuwa imefifia ikawa kijivu kitupu, lakini maandishi ya chini yalisomeka: wiki 11, siku 2. Skani ya miezi mitatu ya kwanza ikikosea hukosea kwa siku chache tu. Ya mwishoni mwa mimba inaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu. Niliitazama tarehe nikaenda kwenye kalenda ya ukutani na kidole. Jumamosi kumi na tisa kamili. Mimba ilikuwa ya wiki 30 na siku 2.

Wiki nne zilipotelea wapi? Zilipotelea kwenye Kiswahili. Nyumbani kwao huhesabu kwa mwezi mwandamo, na kwa hesabu hiyo alikuwa ameingia mwezi wa nane siku tano au sita zilizopita. Yaani amemaliza saba. Aliyemwandikia Alhamisi alisikia "nane", akaelewa miezi minane imeshatimia, akazidisha, akapata 34. Mkwe hakukosea. Kosa ni la kutotofautisha mwezi wa nane na miezi minane, nami nililirudia Jumamosi kwa kulisoma tu bila kuuliza.

Alhamisi

Siku hiyo saa kumi jioni alikwenda kliniki moja ya mtaani kwa sababu ya mgongo na tumbo lililokuwa likikaza na kuachia. Alidungwa sindano ya diklofenaki kwa ajili ya mgongo, akapewa vidonge vya salbutamoli ameze mara tatu kwa siku, akaambiwa akapumzike. Mkojo haukupimwa. Hakuandikiwa barua ya kupelekwa popote.

Alipumzika kweli. Ijumaa maumivu yalipungua, akapika hata chai ya jioni. Jumamosi alfajiri yakarudi kwa nguvu.

Sitaki kumrushia mawe aliyempa vidonge. Salbutamoli ilikuwa dawa ya kufundishwa kabisa katika kuzuia uchungu, na wengi wetu tulioko kazini tumewahi kuitoa. Historia ya dawa hizi inashangaza ukiifuata. Miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na madaktari waliowatilia wajawazito pombe kwa dripu kuzuia uchungu. Kizazi kililegea, na mama akalewa na kutapika kitandani. Baadaye ikaja ritodrini, ndugu wa salbutamoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1980. Mwaka 1992 Wakanada wakachapisha utafiti wa wanawake 708: nusu walipewa ritodrini, nusu dawa tupu isiyo na kitu ndani. Ritodrini iliahirisha uzazi kwa saa chache au siku moja mbili, lakini watoto wa pande zote mbili walikufa na kuugua kwa kiasi kilekile.

Jambo hilo ndilo ninalotaka mzazi na mhudumu walielewe katika kisa hiki. Dawa ya kuzuia uchungu haimtibu mtoto. Haimkomazi mapafu, haimwongezei uzito. Inampa saa. Saa hizo zikitumika kumfanyia jambo, mtoto hufaidi. Zikikaliwa nyumbani juu ya mkeka, zinakwenda bure.

Tangu Alhamisi saa kumi jioni hadi Jumamosi saa tatu asubuhi ni saa 41. Dozi nne za deksamethasoni, sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, huisha ndani ya saa 36. Angepelekwa hospitali siku ile, angefika kwenye uchungu wa Jumamosi sindano zote zimeshaingia. Na hata hizo saa 41 siwezi kuapa kwamba ni salbutamoli iliyozileta. Wajawazito wengi tumbo hukaza na kutulia lenyewe pasi na dawa yoyote.

Dawa iliyojifanya ugonjwa

Sasa tazama alivyotufikia. Uchungu mara tatu ndani ya dakika kumi, mlango wa kizazi umefunguka sentimita 3, chupa ya uzazi haijavunjika. Presha 110 kwa 70. Joto la mwili 36.9. Lakini mapigo ya moyo ya mama yalikuwa 118 kwa dakika, na ya mtoto 168.

Mama na mtoto wakikimbiza moyo pamoja, mkunga yeyote hufikiria maambukizi ndani ya kizazi. Na yakiwa ni maambukizi, mpango wote hubadilika: huzuii uchungu, kwa sababu kumfungia mtoto ndani ya kizazi chenye usaha ni kumwangamiza, na mama pia. Daktari alisita, na alikuwa na haki ya kusita.

Tulimuuliza tena kuhusu vidonge. Cha mwisho alikimeza baada ya sala ya alfajiri, na juu yake akaongeza kingine kwa kuwa maumivu yalizidi. Salbutamoli hupita kondo la nyuma na kuuendesha mbio moyo wa mtoto sawasawa na wa mama. Tukampapasa tumbo: haliumi linapoachia. Hakuna maji yenye harufu. Damu ikatolewa upesi kabla ya sindano yoyote, maana deksamethasoni nayo hupandisha chembe nyeupe za damu kama maambukizi, na ukichelewa kupima hutajua zimepandishwa na nini. Tukamlaza ubavu, akapewa dripu ya maji, tukangoja saa moja na saa ukutani. Mapigo yake yakashuka hadi 104, ya mtoto 152. Majibu ya damu yalikuwa ya kawaida. Ilikuwa dawa.

Kipimo cha mkojo ndicho kilichotoa chanzo, au angalau mshukiwa mkuu: maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo chenyewe ni kijiti cha kuchovya, dakika mbili. Malaria hakuwa nayo.

Kwa maambukizi ya mkojo alipewa antibiotiki, na hapo nataka kusema neno, kwa sababu kuna mazoea ya kumwandikia antibiotiki kila mwenye uchungu wa mapema. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioitwa ORACLE ulionyesha kwamba kama chupa haijavunjika na hakuna dalili ya maambukizi, antibiotiki hazikuwasaidia watoto. Walipofuatiliwa hadi miaka saba, waliozaliwa na mama waliopewa dawa hizo walikuwa na kupooza kwa ubongo zaidi kidogo kuliko wenzao. Chupa ikivunjika mapema hali ni nyingine, antibiotiki hutolewa, lakini amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki huepukwa kwa kuwa ilihusishwa na kuoza kwa utumbo wa mtoto. Mama huyu alikuwa na sababu iliyopimwa. Hiyo ndiyo tofauti.

Ile diklofenaki nayo ilitusumbua. Dawa za jamii hiyo, indomethasini ikiwemo, huzuia uchungu kweli, ila humfikia mtoto figoni akapunguza mkojo, na maji ya uzazi yakapungua. Zikitumika mimba ikiwa kubwa huweza kufunga kabla ya wakati mshipa ambao moyo wa mtoto unautegemea akiwa tumboni. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumike kuanzia wiki ya 20 bila sababu ya lazima. Hapa Mombasa mjamzito anayelalamika mgongo huweza kuzinunua dukani kama anayenunua peremende. Kwa dozi moja sikutarajia madhara, na skani ilionyesha maji ya kutosha.

Saa zilivyotumika

Saa nne na nusu asubuhi, dozi ya kwanza ya deksamethasoni, miligramu 6 kwenye msuli. Baada yake nifedipini miligramu 20 ya kumeza, halafu 10 kila baada ya saa sita, kwa muda usiozidi saa 48. Nifedipini kwa asili ni dawa ya presha. Inazuia kalsiamu isiingie kwenye misuli, na msuli bila kalsiamu haukazi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2022 liliichagua hiyo, likasema jamii ya salbutamoli isitumike kwa kazi hii kwa sababu ya madhara yake kwa mama. Mama wetu aliumwa kichwa na uso ukamwasha, presha ikashuka hadi 96 kwa 58 mara moja, tukasogeza dozi mbele kwa saa mbili. Kumbe na hii si maji ya kunywa.

Mkwe aliuliza, "Hizo sindano za mapafu zamwingia mtoto, ama ni za mama?"

Nikamwambia zinapita kwa mama zikamfikie mtoto. Mapafu ya mtoto wa wiki 30 ni kama mfuko wa karatasi laini uliolowa: kuta zinagandamana kila anapotoa pumzi. Mtoto aliyekomaa ana utelezi kama povu jembamba unaozuia kuta zisishikane. Deksamethasoni huuharakisha utelezi huo. Habari ya kugunduliwa kwake huwa napenda kuisimulia. Graham Liggins wa New Zealand hakuwa akitafuta dawa ya mapafu. Alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu kwa kondoo. Wanakondoo aliowapa homoni hiyo tumboni walizaliwa mapema mno, wakitarajiwa wasipumue, naye akakuta hewa imeingia mapafuni. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walichapisha utafiti wa akina mama 282, dawa ikiwa betamethasoni, ndugu wa deksamethasoni. Ugonjwa wa kupumua kwa shida uliwapata watoto 25.8 kwa mia wasiopata dawa, na 9 kwa mia waliopata.

Ila dawa hii ina makali, na makali yake yanaturudisha kwenye ile karatasi ya kwenye pochi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwemo, uliopeleka deksamethasoni hadi vijijini ambako umri wa mimba ulikuwa ukikisiwa. Wengi waliodungwa hawakuwa na mimba changa kama ilivyodhaniwa. Vifo vya watoto, badala ya kupungua, viliongezeka: 27.4 kwa kila watoto elfu dhidi ya 23.9. Miaka mitano baadaye, 2020, dawa ileile ikajaribiwa katika hospitali za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, safari hii kwa mimba zilizohakikishwa umri kwa skani, wiki 26 hadi 34, na penye huduma ya kumtunza mtoto. Vifo vikashuka kutoka 23.5 kwa mia hadi 19.6. Sindano ni ileile, kilichotofautiana ni kujua wiki na kuwa na pa kumtunza mtoto. Ndiyo maana sharti la kwanza la kuitoa ni umri wa mimba uliohakikishwa, na masharti mengine yanafuata: uwezekano mkubwa wa kuzaa ndani ya siku saba, kusiwe na maambukizi, na pawe na mahali pa kumlea mtoto akifika.

Dozi ya pili iliingia saa nne na nusu usiku, ya tatu Jumapili asubuhi, ya nne Jumapili usiku. Mume, ambaye ni utingo wa lori la Malaba, alipiga simu kila dozi.

Jumatatu asubuhi nifedipini ilisimamishwa. Mkwe hakufurahi. "Zimemfaa, kwa nini mwazikata?" Swali zuri. Kuendelea kumpa baada ya saa 48 hakujaonyeshwa kumsaidia mtoto, na kazi tuliyoinunulia muda ilikuwa imekwisha.

Alasiri uchungu ulirudi. Mlango sentimita 5. Hatukuuzuia tena, tukaanza magnesiamu salfeti, gramu 4 polepole kwa dakika 20, kisha gramu 1 kila saa. Dawa hiyo kila mkunga anaijua kwa kifafa cha mimba, lakini hapa lengo ni ubongo wa mtoto. Ikitolewa karibu na kuzaa, kabla ya wiki 32, hupunguza kupooza kwa ubongo. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, kupooza kwa kiwango cha kati na kikali kulishuka kutoka 3.5 kwa mia hadi 1.9. Ni dawa ya saa chache. Ikiendelezwa kwa siku tano hadi saba hudhoofisha mifupa ya mtoto. Nilikaa naye nikigonga goti kila saa kuona kama linaruka, nikihesabu pumzi, nikipima mkojo, na kalsiamu ya kumwokoa dawa ikizidi iko kwenye trei pembeni. Tulikuwa waangalifu zaidi ya kawaida kwa kuwa nifedipini ya asubuhi ilikuwa bado haijatoka yote mwilini, na mbili hizo zikikutana huweza kuangusha presha na kulegeza misuli.

Saa tano usiku akazaliwa msichana, gramu 1,380. Alilia. Sauti ilikuwa ndogo kama ya paka aliyefungiwa kabatini, ila alilia, na kitovu tukakingoja zaidi ya dakika moja kabla ya kukikata.

Nasari ya wachanga

Siku mbili alikuwa kwenye mashine ya kusukuma hewa puani. Hakuhitaji zaidi ya hiyo. Saa ya kwanza sukari yake ilikuwa chini, 2.1, akapewa glukosi. Ni dawa gani iliyoishusha? Deksamethasoni inajulikana kwa hilo: katika utafiti wa Marekani wa 2016 kwa mimba za wiki 34 hadi 36, watoto waliopewa ndugu yake betamethasoni walishuka sukari 24 kwa mia dhidi ya 15. Salbutamoli nayo hupandisha sukari ya mama, mtoto akajizoesha insulini nyingi, akitoka sukari ikamkauka. Ila hiyo ilikuwa na siku mbili tangu ikome. Au ni uchanga tu, maana akiba hana. Mimi ningeweka lawama kwenye uchanga kwanza. Alikuwa mlegevu kidogo saa za mwanzo, na huo ulegevu naukabidhi kwa magnesiamu. Kesho yake ulikwisha.

Siku ya tatu tulimweka kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa leso ya mkwe. Leso ilikuwa na jina lake lakini lilimezwa na mkunjo, neno moja tu likabaki nje juu ya kisigino cha mtoto. Maziwa kwa mpira, halafu kwa kikombe. Alisahau kupumua mara kadhaa, akapewa kafeini. Uzito wa kuzaliwa aliurudisha siku ya 12, na siku ya 31 akatoka na gramu 1,850.

Mimba ijayo, akijaaliwa, nimemwandikia kwenye kitabu kipya: skani kabla ya wiki 13, mkojo upimwe kila akija kliniki hata asipoumwa, daktari aamue mapema kuhusu homoni ya projesteroni kwa kuwa sasa ametangulia mara mbili, na tumbo likikaza avuke feri siku hiyohiyo. Ile karatasi ya skani tuliitoa nakala kwa ajili ya faili. Asili yake mkwe aliidai kabla hawajafika mlangoni, akaikunja mara nne, akairudisha kwenye pochi ya mkemwana wake.